Jinsi ya Kukausha Maziwa ya Mfanyakazi Wako: Mwongozo kwa Mabosi

Mhasibu wako amerudi kutoka likizo ya uzazi. Siku zake 84 zimekwisha (angepewa 100 kama angejifungua mapacha), na kwa kuwa sheria ya Tanzania inamruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe aliyotarajia kujifungua, huenda kichanga alichokiacha nyumbani hakijatimiza hata miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani nalo linataka kisionje kitu kingine, hata maji, mpaka kifikishe miezi sita. Piga hesabu. Kuna miezi mitatu au minne ambayo chakula cha mtoto wa watu kitatoka ofisini kwako, kwa saa zako na umeme wako. Jambo hili unaweza kulimaliza ndani ya wiki chache bila kumfukuza mtu wala kuandika barua.

Anza kwa kujua maziwa yanavyofanya kazi. Titi si tangi la juu ya paa, kwamba likijaa linatulia kusubiri mtu afungue bomba. Likikamuliwa, linatengeneza mengine. Likiachwa limejaa, mwili unaamini mtoto hahitaji, nao unapunguza. Hapo ndipo pa kushika. Mtoto wa umri huo hunywa kama mililita 750 kwa siku, na mama aliye mbali naye hutakiwa kukamua kila baada ya saa tatu hivi. Pampu inayokamua matiti yote mawili kwa mpigo humchukua dakika 15 hadi 20. Akikamua moja moja, au kwa mkono, ataongeza kidogo. Kwa siku ya kazi, zamu zenyewe ni saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Ukijumlisha kunawa mikono na kuosha vifaa, haifiki hata saa mbili. Huna haja ya kuzuia zote tatu. Vuruga ile ya katikati, zilizobaki zitajivuruga zenyewe.

Kwa hiyo itisha kikao saa tano na nusu. Usimkatalie kutoka, maana kukataa kunaacha ushahidi. Akinyanyua mkono, mwambie, "Dakika tano tu, mama, tunamalizia," kisha mpe nafasi yule ofisa masoko mwenye slaidi 40. Ikifika saa saba utamwona mhasibu wako ameacha kuandika. Amekumbatia faili kifuani kama mtu anayesikia baridi, na blauzi yake ya bluu imetoa mabaka mawili ya duara yanayozidi kukua. Matiti yamekuwa magumu, kuyagusa ni maumivu. Akikosa kukamua namna hiyo siku kadhaa, maziwa yatakwama kwenye mirija, titi litawaka moto na homa itampanda. Akiomba ruhusa ya kwenda hospitali, muulize kwa upole kama kweli bado anaipenda kazi.

Kuhusu chumba, kanuni ni moja: kiwepo, lakini kisitumike. Stoo ya karatasi inafaa sana iwapo ufunguo utakaa kwa mlinzi, na mlinzi awe na kawaida ya kwenda kunywa chai. Chumba cha mikutano chenye kuta za kioo kinafaa pia. Kama huna kimojawapo, muoneshe choo. Sijui ni mabosi wangapi wamewahi kula ugali wao chooni, lakini wanaoona choo ni mahali pazuri pa kuandalia chakula cha mtoto wa mwenzao hawakosekani.

Hapa nikuonye kidogo. Mashine ya kukamulia maziwa ina historia ya watu wajanja. Miaka ya 1920 huko Marekani, mmoja wa walioibuni na kuisajili alikuwa Edward Lasker, mhandisi na mchezaji hodari wa sataranji, ambaye mwaka 1924 alikaa meza moja na bingwa wa dunia Capablanca katika mashindano ya New York. Mtu aliyezoea kupanga hatua tano mbele ndiye aliyeshughulikia kifaa kilichomo kwenye mkoba wa mhasibu wako. Na hata ukizima soketi, kuna mkono. Wakunga huwafundisha kina mama kliniki: kidole gumba juu, vidole vingine chini, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia. Haihitaji umeme, haina mlio, na kikombe kisafi chenye mdomo mpana kinatosha.

Ndiyo maana chombo chako cha uhakika ni aibu. Maziwa hayashuki kwa nguvu ya pampu peke yake. Kuna homoni inayoyasukuma, oksitosini, ambayo hukatika mara mtu anapoingiwa na hofu au fadhaa. Kina mama wengine hutazama video ya mtoto kwenye simu ili yashuke. Wewe fanya kinyume chake. Gonga mlango akiwa katikati. Muulize kwa sauti, "Bado tu?" Waachie vijana wa tehama utani wao kuhusu ng'ombe, na mlio ule wa pampu ukisikika koridoni, wewe kohoa. Ukifanya hivyo mara mbili tatu, atakaa dakika 40 kwa yale yaliyokuwa yakitoka kwa 15, halafu utapata sababu nzuri ya kulalamika kwamba anachukua muda mrefu.

Friji nayo isisahaulike. Yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Na Dar es Salaam mwezi Januari, nyuzi 25 hata usiku wa manane ni za kuombea dua. Kwenye friji hukaa siku nne, kwenye friza hadi miezi sita, na kwenye kibegi chenye vipande vya barafu vilivyoganda vizuri hufika saa 24. Basi tangaza kwamba friji ya ofisi ni ya "vyakula tu". Mtu aliyeacha samaki humo tangu Ijumaa asiguswe. Kitakachotolewa ni kichupa kile, chenye krimu iliyopanda juu na majimaji meupe ya kibluu chini, ambacho nyumbani kingetikiswa taratibu, kipashwe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, na bibi amnyweshe mjukuu kwa kikombe.

Kuna swali moja utatamani kumuuliza mbele za watu: "Kwani utakamua mpaka lini?" Uliza, ila ondoka kabla hajajibu, maana jibu litakukata makali. Kunyonyesha kunashauriwa kuendelea mpaka miaka miwili au zaidi, na Waislamu wa ofisini watakukumbusha kwamba Kurani nayo imetaja miaka miwili kamili. Lakini kunyonyesha si sawa na kukamua kazini. Mtoto akitimiza miezi sita anaanza uji na viazi vya kuponda, na mama anaweza kushuka taratibu kutoka mara tatu hadi mbili, kisha moja. Baada ya mwaka, wengi huiacha pampu nyumbani wakanyonyesha asubuhi na usiku. Ina maana mzigo wote unaoupigania ni miezi michache. Ukilijua hilo utajiona mdogo, kwa hiyo usilijue.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kumlisha mtoto. Haikuweka umri wa mtoto, na hilo si zuri kwako. Lakini haikutaja pampu wala chumba, na hapo pana mwanya. Mwambie kwa tabasamu, "Sheria inasema kumlisha mtoto, mlete basi." Mtoto yuko Mbagala, ofisi iko Posta. Au mpe zile saa mbili kwa kumruhusu atoke saa nane badala ya saa kumi, kama zifanyavyo ofisi nyingi. Utaonekana una huruma, yeye atashukuru, na maziwa yatakuwa yamekaa kifuani tangu alfajiri.

Wakenya wamejiharibia. Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea chenye faragha, mahali pa kunawia mikono, kiti cha starehe, soketi ya pampu na kifaa cha kupozea maziwa, na imetamka wazi kwamba kisiwe chooni. Imeongeza mapumziko ya hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Usikate tamaa lakini. Tarehe 7 Agosti 2019, siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale aliingia bungeni Nairobi na mwanawe wa miezi mitano kwa kukosa pa kumwacha, akaamriwa atoke. Bunge lililopitisha sheria ile ni hilo hilo. Kumbe sheria inaweza kuandikwa vizuri sana na bado ukaishi nayo kwa raha zako.

Tahadhari ni moja tu. Malalamiko ya kazi yasiyohusu kufukuzwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukimfukuza, ni siku 30. Anachotakiwa kujaza ni fomu iitwayo CMA F.1. Ukiona mhasibu wako anaanza kuandika tarehe za vikao vyako nyuma ya daftari, hakikisha printa ya ofisi imeishiwa wino.