A Imekufa Tena

Kibodi yangu imekufa herufi moja. Nyingine zote nzima, zinanitazama, lakini A haisikii hata uikandamize kwa kiwiko. Nikamwandikia mhariri: "Mhriri, smhni, mkl itchelew." Akajibu akitaka kujua nimekunywa nini na kwa pesa ya nani.

Wenzetu wa Kiingereza huimaliza E. Sisi tunaiua A. Andika tu "Mama Asha amekaanga samaki" uhesabu: A zipo 10. Q na X, ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, zimekaa hapo tangu kiwandani zinang'aa, hazijui jasho. Halafu hiyo A yenyewe wameipangia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole ambacho Mungu alikiumba kwa ajili ya kuchokonolea sikio. Mpangilio huu tumeurithi kwa Bwana Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyebuni taipureta ambayo Remington walianza kuiuza mwaka 1874. Sidhani kama Mama Asha na samaki wake walimpitia kichwani.

Shemeji yangu, ambaye hujiona mchumi, ananiambia ninunue kibodi ya shilingi 15,000, ikifa ninunue nyingine. Anayesema hivyo haandiki. Anabonyeza "ndiyo" na "hapana" kwenye mfumo wa kazini, saa kumi anafunga ofisi. Mimi nalipwa kwa maneno, na kila neno la Kiswahili lina A mfukoni.

Ukiifungua hiyo ya 15,000 unakuta karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na juu yake vijipira, kimoja kwa kila kitufe. Kijipira kikichoka kimechoka. Chai ikipenya katikati ya zile karatasi, hakuna fundi wa kukutengenezea herufi moja. Unatupa zote, pamoja na Q ambayo bado bikira. Na maandishi yake yamepakwa juu tu. Yanafutika mapema, ukabaki unapapasa vitufe vitupu.

Kuna mama mmoja ana steshenari karibu na mahakama, anachapa hati za viapo na mikataba ya viwanja. Kibodi yake ni IBM Model M, aina iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1980, aliipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi. Ina uzito wa kilo mbili hivi, na mwizi akiingia usiku, mama huyo hahitaji rungu. Chini ya kila kitufe kuna springi inayojikunja na kulia. Plagi yake ya duara ya zamani ameiwekea adapta, na mambo yanakwenda. Nilimwomba aniuzie. Akanijibu bila kuondoa macho kwenye hati ya mteja: "Baba, hii nitaiacha kwa wosia."

Basi nikaenda Kariakoo kutafuta ya kizazi hiki, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani inasema swichi yake ya MX nyekundu inahimili kubonyezwa zaidi ya mara milioni 100. Hata ukigawanya kwa Mama Asha, ni samaki wengi. Baadhi ya kibodi hizi, swichi iliyokufa unaing'oa kwa kibanio, unachomeka nyingine, huhitaji lehemu wala fundi. Hapo ndipo penye pesa yangu, kuliko hata hizo milioni.

"Mdogo wangu, hii swichi zake ni rangi gani?" nikamuuliza muuzaji.

"Rangi zote, bosi." Akabonyeza kitu. Kibodi ikawaka kama basi la mkoani usiku wa Krismasi: kijani, zambarau, ikawa inapumua, ikawa inakimbiza mawimbi.

Nikamweleza kwamba nauliza rangi ya swichi. Bluu inapiga kelele, kahawia inakugusa kidole kidogo katikati ya safari, nyekundu inateremka bila makuu. "Bosi, hata nyekundu inawaka," akasema, akanionyesha. Duka zima lilikuwa hivyo. Niliuliza kama herufi zimefinyangwa kwa plastiki nyingine mpaka ndani, zile zisizofutika; nikaonyeshwa taa. Niliuliza plastiki ya vitufe ni PBT au ABS, kwa kuwa ABS huanza kung'aa mafuta kabla ya wakati, nikaonyeshwa taa. Niliuliza waranti. Hiyo haikuwa na taa: inaishia mlangoni.

Bluu niliikataa kwa sababu za kinyumbani. Vyumba vyetu havina dari, ukuta unaishia hewani, na mama watoto ameshasema makala zikianza kusikika mpaka kwa jirani, nitakuwa naandikia kwa huyo jirani. Tukafikia nyekundu, waya unaochomoka, swichi za kung'oa, 130,000. Aliposema 130,000 nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Tukavutana mpaka 115,000. Hashuki tena, ila ataniongezea kipanya cha bure, nacho kinawaka.

"Kipanya ninacho," nikamwambia. "Nipe A ya akiba."

"A tu?"

"A tu."

Akanitazama kwa huruma, kisha akaivuta kibodi nyingine ya namna ile ile iliyokuwa kwenye maonyesho, akaing'oa A yake kwa ukucha, akanitilia kwenye mfuko pamoja na risiti ambayo haikuandikwa jina la duka.

"Sasa atakayeinunua hiyo?"

"Nitamwekea Q pale," akasema, huku tayari anaing'oa. "Hii nayo ina kazi gani, bosi?"