Kadi Mbili Zikigombana

Richard Garfield alipobuni Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za kukusanya uliotoka Marekani mwaka 1993, ulikuja na kanuni inayoitwa ya dhahabu: kadi ikipingana na kitabu cha sheria, kadi ndiyo inayoshinda. Kanuni tamu kweli, kwa sababu kila kadi inakuwa mfalme. Ubaya wake ni kwamba wafalme hao wanakaa meza moja. Kadi za aina tofauti sasa zimepita 20,000, na ukizipanga mbili mbili unapata jozi karibu milioni 200, kila jozi ikiwa na nafasi yake ya kuzozana. Ndiyo maana kitabu chenyewe kimevimba hadi kupita kurasa 200, na wasiocheza wakikiona huuliza kama hao wanacheza au wanasomea uwakili. Mimi niko upande wa kitabu. Hata kinapotoa jibu la kipuuzi, na hutoa mara nyingi, jibu hilo lina heri kuliko busara ya watu wawili ambao mmoja wao karibu atashindwa.

Tuanze na ugomvi maarufu kuliko yote. Kadi ya Humility, ya mwaka 1997, inaamuru kila kiumbe kilichoko mezani kipoteze uwezo wake wote na kibaki na nguvu moja na uhai mmoja. Yenyewe si kiumbe, ni uchawi wa kudumu, kwa hiyo inatoa amri ikiwa salama. Miaka miwili baadaye ikatoka Opalescence, inayougeuza karibu kila uchawi mwingine wa kudumu kuwa kiumbe. Ziweke pamoja uone kazi. Humility imekuwa kiumbe. Viumbe havina uwezo. Basi Humility haina uwezo. Na kama haina uwezo, nani aliyeviondolea viumbe uwezo? Kama hakuna, basi inao tena, na kama inao, basi haina. Unaweza kuzunguka hapo mpaka chai ipoe. Kitabu hakizunguki. Kimepanga athari za kadi katika matabaka saba, na kila tabaka lina zamu yake: aina ya kadi hubadilishwa katika tabaka la nne, uwezo huondolewa katika la sita, nguvu na uhai hupangwa katika la saba. Humility inakuwa kiumbe katika la nne, inajivua uwezo wake yenyewe katika la sita, na bado inaendelea kutawala katika la saba, kwa sababu amri iliyokwisha kuanza kutekelezwa hukamilishwa hata kama mtoa amri amenyang'anywa cheo njiani. Kisha inatazamwa ni ipi iliyotangulia kufika mezani. Humility ikiwa ndiyo ya mwisho kuingia, inajipunguza yenyewe hadi nguvu moja. Opalescence ikiwa ya mwisho, Humility inapata nne kwa nne na kuwa jitu kati ya vibeti iliyovifanya yenyewe.

Hapo ndipo watu wa busara wanaponyanyua mkono. Kwa nini wasielewane tu wao wawili, wasome kadi, watazame nia yake, waamue kama watu wazima? Jibu lake linajulikana na kila aliyewahi kuketi kwenye mchezo wa lasti kadi. Je, ree inazima jokeri? Unaruhusiwa kumaliza na nane? Kila nyumba ina jibu lake, na kwa bahati ya ajabu jibu hilo hukumbukwa na mwenye nyumba pale tu anapobakiwa na karata ile ile. Nia ya kadi ni kitu kinachoonekana wazi zaidi ukiwa umeishika wewe. Matabaka hayana masikio ya kusikia nani analalamika, na yaliandikwa kabla ya yeyote kujua yatamfaa nani.

Wapo pia wanaosema siku hizi kompyuta imemaliza kesi, kwa kuwa ukicheza kwenye programu ya Magic Arena, mashine inatoa hukumu papo hapo. Ni kweli, na inapendeza. Lakini mashine haikugundua haki mpya. Inafuata matabaka yale yale, ila haikuonyeshi inavyohesabu. Chukua Blood Moon, inayozifanya ardhi zote zisizo za msingi kuwa milima, ikutane na ardhi iitwayo Urborg, inayodai kwamba kila ardhi ni kinamasi pia. Urborg yenyewe si ya msingi, kwa hiyo inageuzwa mlima na kupoteza kauli. Hapa haijalishi nani alitangulia: athari moja ikiwa na uwezo wa kuifuta nyingine, ile inayofutika husubiri. Mchezaji akiona vinamasi vyake vimeyeyuka kwenye skrini bila maelezo, atasema programu ni mbovu. Mezani angalau anaweza kubishana na refa kwa robo saa kisha ashindwe akiwa ameelimika.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la wale wanaosema sheria ndefu inaua raha. Kwao nina pete tatu. Kadi ya Oblivion Ring ikiingia mezani lazima iondoe kitu kingine kisicho ardhi, na yenyewe ikiondoka kitu hicho hurudi. Weka tatu, moja baada ya nyingine, pasipo kitu kingine cha kuondoa: ya pili inaifukuza ya kwanza, ya tatu inaifukuza ya pili, ya kwanza inarudi na kumfukuza aliyemfukuza mwenziwe, na wa pili naye anarudi akiwa na hasira zake. Hakuna aliyekusudia, hakuna anayeweza kusimamisha. Busara ingesema tuziache. Kitabu kinasema mzunguko usio na hiari ni sare, mchezo umekwisha. Hiari ikiwepo mahali fulani katika mzunguko, mwenye hiari anataja utarudiwa mara ngapi, kisha anaacha. Anaweza kutaja milioni. Milele haikubaliki, maana refa naye ana basi la kuwahi.