Uainishaji wa Dada wa Baba Mmoja katika Nyumba za Kifalme: Mwongozo kwa Wasomi na Mawifi

Ndege wa hifadhi ya Queen Elizabeth wameshaandikiwa vitabu. Kila mwenye mdomo mrefu au mkia mwekundu ana jina lake na ukurasa wake. Lakini hapa Karusandara, magharibi mwa Uganda, kwenye tambarare iliyo kati ya milima ya Rwenzori na Ziwa George, kuna kiumbe ambaye sayansi imempita bila kumwamkia: binti wa ukoo mkubwa aliyechangia baba na binti mwingine, kila mmoja na mama yake. Makala haya yanaziba pengo hilo.

Maabara yetu ni msiba. Kwingine kote viumbe hawa hujificha, lakini mzee wa ukoo akifariki hutoka wote mchana kweupe. Mtafiti aketi karibu na jiko, ashike kikombe cha chai, asiulize neno. Mabinti wa tumbo moja hulia pamoja. Wa baba mmoja hulia kwa zamu, na anayepumzika humtazama anayelia kuona kama machozi yapo. Mmoja ameshika ufunguo wa stoo ya mchele. Mwingine anajua idadi ya ng'ombe wa marehemu, na ndama amewahesabu.

Mgeni hupotezwa na salamu. Huku watu huitana kwa empaako, majina ya heshima: Adyeri, Abwoli, Akiiki, Amooti. Mila hiyo UNESCO iliiingiza mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na Wanyabindi wa Kasese wametajwa miongoni mwa wenyewe. Salamu ikiendelea, huwezi kujua nani ametoka tumbo gani. Ikiisha, utajua.

Kwa ushahidi huo, na kwa kumbukumbu za majumba mengine ya Afrika Mashariki, tumepata madaraja manne.

Daraja la kwanza: Dada wa Cheo. Bunyoro ilimfanya dada kuwa ofisi. Kalyota, dada rasmi wa mfalme, yaani Omukama, alikuwa wa baba mmoja naye na mama mbali. Alikuwa na ardhi yake, akawa mkubwa wa mabinti wote wa kifalme na kuamua magomvi yao. Buganda nayo humtawaza Lubuga pamoja na Kabaka, naye huwa dada wa mama mwingine. Jirani zetu wa Tooro waliweza kwenda njia nyingine: Elizabeth Bagaaya, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata uwakili wa Uingereza mwaka 1965, alikuwa Batebe, yaani dada rasmi, wa mfalme Olimi III, ndugu yake wa tumbo moja. Dada wa daraja hili hapendwi wala hachukiwi na dada zake. Huletewa kesi.

Daraja la pili: Dada wa Ua Mmoja. Mfano bora uko Unguja. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, sampuli ambayo mtafiti yeyote angeitamani. Mmoja wao, Salme, alikulia pamoja na Khadduj na Majid kwa sababu mama yake, Jilfidan, na mama yao, Sara, walikuwa mashoga. Hapa nadharia kongwe inapata pigo. Mtaani husemwa kwamba watoto hugombana kwa wivu wa mama zao. Katika jumba hili ni mama waliowaunganisha.

Daraja la tatu: Dada wa Njama. Mwaka 1859 Barghash, mwana mwingine wa Said, alitaka kumpindua kaka yake Majid, aliyekuwa Sultani. Dada yake Meje alikuwa upande wake kwa tumbo; Khole, dada wa baba mmoja, aliingia kwa mapenzi, kisha akamvuta Salme, aliyekuwa na miaka 15 tu. Salme alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, basi akapewa ukarani wa uasi. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, mabinti walikwenda na wajakazi wao hadi mlangoni, na askari hawakuthubutu kuwagusa wanawake wa nyumba ya Sultani. Walitoka na Barghash amefunikwa nguo za kike, macho tu yakionekana, huku wanawake warefu kuliko wote wakipangwa pembeni yake ili kimo chake kisimfichue. Mtafiti anakiri kwamba hajawahi kuona ushirikiano wa kiwango hicho kati ya ndugu wa tumbo moja.

Daraja la nne: Dada Asiyetajwa. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Salme alipopatana na Majid, Khole akakasirika. Mwaka 1866 Salme alikimbilia Aden, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi, Sultani alikuwa Barghash yuleyule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi. Hakumpa urithi huo.

Kutokana na hayo tunatoa kanuni, ambayo tunaomba ipewe jina la Karusandara: baba huleta undugu, mama huleta ua, kaka huleta ugomvi. Pitia madaraja yote, hutaona mabinti wawili waliokosana kwa jambo lao wenyewe. Walikosana kwa kiti ambacho hakuna kati yao angekikalia.

Ndiyo maana ushauri wetu hauendi kwa mabinti. Unakwenda kwa baba mwenye nyumba zaidi ya moja, awe wa ukoo wa kifalme wa Babiito au mkulima wa mpunga wa Mubuku. Andika wosia ukiwa hai na akili timamu, taja kila kiwanja na kila ng'ombe, na umwambie mwanao wa kiume mbele ya mashahidi ni kipi chake na kipi si chake. Dada zake wataelewana bila mkutano wa ukoo.