Kitimoto cha Seoul

Wapo wanaoipenda nchi ya watu kwa milima yake, wengine kwa mishahara. Rafiki yangu Mheshimiwa ameipenda Korea Kusini kwa sababu huko, ukiacha bakuli la wali, hakuna chakula cha mtu. Nyama iko katikati, supu iko katikati, vibakuli vya kimchi (kabichi iliyochachushwa), mchicha na dagaa vimetapakaa meza nzima, na kila mkono una ruhusa ya kufika popote. Kwa mtu ambaye chuoni Mlimani alijulikana kwa "naonja tu", na akionja wewe unabaki na maharage matatu, hiyo ndiyo nchi ya ahadi.

Umheshimiwa aliupata alipogombea ubunge wa serikali ya wanafunzi. Kura hazikutosha, jina likabaki. Enzi hizo tulikuwa tunakesha bwenini na DVD za Jumong, tamthilia ya Kikorea, na kila mara wakuu wa kwenye filamu wakikaa kula, yeye alisimamisha picha akague sahani. Sasa anasoma shahada ya uzamili Seoul. Niliposema napita huko kikazi, alinisihi nimtafute siku hiyohiyo nikitua, na sauti yake ilikuwa na upendo hasa. Mezani ndipo nilipoelewa: migahawa mingi ya nyama choma ya huko haipokei oda ya mtu mmoja, wanaanzia wawili. Jamaa alikuwa na hamu ya nyama miezi kadhaa, na mimi nilikuwa mtu wa pili.

Nyama yenyewe huitwa samgyeopsal, yaani kitimoto cha tumboni, mnajichomea wenyewe hapo mezani na kuikata kwa mkasi, mkasi kabisa kama wa fundi cherehani. Oda ya mtu mmoja ni gramu 180 hivi. Sisi tuliozoea kuagiza kwa kilo, gramu 180 ni ile unayoonjea kama chumvi imekolea.

Sasa kengele. Pembeni mwa meza kuna kitufe. Ukikibonyeza, mhudumu anafika. Ningeomba kitu hiki kiletwe Dar es Salaam, tupumzike kuita "dada! mrembo!" na kugonga chupa kwa kijiko. Tatizo ni kwamba Mheshimiwa huzungumza kwa viwiko. Alikuwa ananieleza jinsi familia na majirani wanavyokusanyika kuandaa kimchi cha msimu wa baridi, na kwamba UNESCO waliiingiza desturi hiyo kwenye orodha ya urithi mwaka 2013. Alipofika kwenye UNESCO, kiwiko kikatua. Mhudumu huyo hapo. Kusema tumebonyeza kwa bahati mbaya aliona haya, akaomba kimchi. Cha kuongezewa ni bure. Akaingia mada ya uchachushaji, kikaja kibakuli cha pili. Kwenye Jumong tukaletewa vitunguu saumu. Tulipogusa siasa za nyumbani, meza haikuwa tena na pa kuweka simu, na yule dada alikuwa anakuja na kimchi mkononi bila kuuliza.

Nyama hiyo huliwa ndani ya jani la letusi: unapanga nyama, kitunguu saumu kibichi, pilipili, rojo la soya, unakunja, unaingiza lote mdomoni kwa mara moja. Kung'ata nusu si adabu. Kumfungia mwenzako na kumlisha ni ishara ya mapenzi, na Mheshimiwa siku hiyo alinipenda kwa jani la ukubwa wa ngumi. Nikiwa nimejaa mpaka kooni, kiwiko. Dada akauliza, kwa Kiingereza safi, kama chakula ni kitamu. Nilimjibu kwa machozi.

Kaunta, Mheshimiwa aliniuliza nimezaliwa lini, swali la ajabu kwa mtu ambaye nimekula naye keki za kuzaliwa. Huko mkubwa ndiye hulipa. Mimi ni wa Desemba, yeye wa Januari iliyofuata. Lakini kwa hesabu ya zamani ya Wakorea kila mtu huongeza umri tarehe mosi Januari, hivyo nimemzidi mwaka mzima. Nikamkumbusha kwamba serikali iliifuta hesabu hiyo kisheria Juni 2023. Akasema sheria zao huchelewa kufika migahawani. Nikalipa.

Viti vya mgahawa ule ni vya duara na vina uwazi ndani: unafunua pa kukalia, unatumbukiza koti lisishike moshi, unalikalia. Ilikuwa Februari, ila pilipili na pombe yao ya soju vilitufikisha salama hadi mlango wa kituo cha treni, ndipo upepo ukaniuliza koti liko wapi.

Tukarudi mbio. Juu ya koti langu alikuwa amekaa mzee mnene mwenye tai, jani la nyama likiwa njiani kwenda mdomoni. Mheshimiwa, ambaye tangu uwanja wa ndege alikuwa akijisifia Kikorea chake, aliinama kwa heshima zote na kusema sentensi ndefu. Mzee akatutazama mmoja mmoja, kisha akasogea akaniachia nusu ya kiti. Mheshimiwa akaamua kufafanua kwa mikono, na kiwiko kikafanya kazi yake. Yule dada akachungulia, akatuona, akageuka jikoni. Alipotokea tena alikuwa amebeba kimchi.