Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Aliyegundua Chanzo cha Pumu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: SHUKRANI KWA UGUNDUZI WAKO

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa unyenyekevu mkubwa nakushukuru kwa hotuba yako kwenye kikao cha wafanyakazi, ulipotufahamisha kwamba pumu ni maradhi ya wenye roho nyepesi, na kwamba mtu mwenye msimamo habanwi kifua. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Sisi wenye pumu tulichelewa kidogo kwa sababu ya kukohoa. Hongera pia kwa zulia jipya.

Wala huko peke yako, Mheshimiwa. Mwaka 1941, huko Chicago, madaktari Thomas French na Franz Alexander waliandika kwamba shambulio la pumu ni kilio kilichozuiwa cha mtoto anayeogopa kutengana na mama yake. Bahati mbaya, madaktari waliofuata walichungulia njia zenyewe za hewa, wakazikuta zimevimba. Uvimbe huo hauna adabu, hausikilizi nasaha.

Hata hivyo, mimi ni nani nikunyime haki yako? Kichwa na kifua kweli vinasemezana. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, waliwavutisha wagonjwa sita vitu vinavyowaletea mzio, kisha wakaupiga picha ubongo wao wakisoma maneno yanayohusu pumu. Sehemu mbili zinazoshughulikia hisia zilichangamka sambamba na uvimbe wa njia za hewa. Wagonjwa sita ni wachache, hawatoshi hata akidi ya kikao chako. Na hao nao hawakuonyesha kwamba hulka ndiyo iliyowaletea ugonjwa. Hofu huweza kukibana kifua, na kifua kilichobanwa huzaa hofu. Aliyewahi kuitafuta pumzi saa nane za usiku, kisha akabaki na wasiwasi, Mheshimiwa, hana roho nyepesi. Ana kumbukumbu nzuri.

Kwa hiyo, wakati tukiendelea kujijengea msimamo kama ulivyoagiza, tunaomba bima yetu ilipie dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ya steroidi inayotuliza uvimbe, badala ya kuishia kwenye ile ya kuzibua kifua kikishabanwa. Zulia nalo lisafishwe tukishaondoka. Ushauri nasaha ulioahidi tutaupokea kwa mikono miwili, ukija pamoja na dawa.

Naomba kuwasilisha.

Mtumishi wako mtiifu,
Roho Nyepesi,
Masijala