Saa Mbaya ya Mtaa: Mwongozo wa Mpangaji Mgeni Pangani

Pangani uko mkoani Tanga, kilomita 50 hivi kusini mwa Tanga mjini, mahali Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Mji wenyewe umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo, upande wa kusini, kuna Bweni, na katikati kuna kivuko. Ni mji mkongwe na mdogo, ambao mtu huweza kuuzunguka kwa miguu akarudi kabla ya adhuhuri, na kwa sababu hiyo wageni wengi hudhani kuchagua mtaa wa kuishi ni kazi ya asubuhi moja.

Mgeni wa kawaida wa Pangani ni mtumishi aliyehamishwa: mwalimu, nesi, ofisa wa halmashauri. Huteremka kwenye basi la Tanga na godoro, jiko la gesi na barua ya uhamisho, na kabla hajauliza njia ameshapata dalali. Dalali humwita "mwalimu" hata kama ni bwana mifugo, humsaidia kubeba jiko, na kumtembeza. Dalali huyu hasemi uongo. Anachofanya ni kuchagua saa. Nyumba ya mtoni huionyesha maji yamekupwa, ya minazini huionyesha upepo umelala, na ya Bweni huionyesha kivuko kinakuja. Kila mtaa wa Pangani una saa yake nzuri na saa yake mbaya, na kodi ya miezi sita hulipwa katika saa nzuri.

Ukingo wa mto ndio huonyeshwa kwanza, kwa kuwa ndio uso wa mji. Hapo kuna Boma la zamani, kuna jengo la forodha, na kuna upepo wa jioni ambao dalali huuhesabu kama chumba cha ziada. Mto nao una sifa zake. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukusanyika katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huteremka hadi pwani, yakizungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani njiani. Kwa ufupi, ni mto utokao Nyumba ya Mungu na kuishia nyumba ya mpangaji.

Kuishia huko kuna utaratibu wake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kuliko siku nyingine. Hilo ndilo bamvu, na katika pwani hii tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Bamvu likikutana na mvua za masika, kati ya Machi na Mei, mitaro ya mji hukosa pa kumwaga, na maji yake hurudi yalikotoka, yaani uani. Mpangaji huamka usiku kwenda msalani akakuta kandambili moja imekwama mguuni pa meza na nyingine imeshafika kwa jirani. Akilalamika, dalali humkumbusha kwamba tangu mwanzo alimwambia nyumba ina maji. Mpangaji mzoefu wa mtoni hutambulika kwa kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali, friji iliyo juu ya meza, na mfuko wa unga unaoning'inia kwenye msumari.

Karibu na diko huongezeka jambo la dagaa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa. Alfajiri dagaa huchemshwa, huanikwa, na harufu hupita mtaani nyumba kwa nyumba bila kubisha hodi. Shuka iliyofuliwa jana hulazimika kufuliwa tena, na paka wa mtaa mzima huhamia dirishani kwa mtu ambaye hajawahi kununua hata fungu moja. Nyumba za hapa, basi, huonyeshwa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika. Mwezi ukiandama, giza na bamvu huangukia siku zile zile, na mpangaji hupata maji ndani na harufu nje kwa kodi ile ile.

Wanaokwepa maji hupelekwa Uhindini, mtaa wa maghorofa ya zamani yenye maduka chini, makazi juu, na baraza mbele. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuzuia joto la mchana. Baadhi ya nyumba kongwe za mji bado zina milango ya nakshi, na mgeni akishauona mlango wa namna hiyo huacha kuuliza maswali. Wahenga walishatahadharisha kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini wahenga hawakuwahi kuongozana na dalali.

Ndani, jambo la kwanza ni boriti. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mti huo hauna urefu wa kutosha, vyumba vilijengwa virefu na vyembamba, upana wake karibu mita 3 tu. Kitanda cha sita kwa sita hupita mlango mkubwa kwa heshima zote, hupandishwa ngazi na vijana wanne, kisha humeza zaidi ya nusu ya upana wa chumba, mpangaji akabaki kupita ubavu-ubavu. Kabati la milango mitatu ndilo hatari zaidi. Huingizwa kwa kung'olewa milango na miguu, huunganishwa humo humo, na siku ya kuhama hugundulika kwamba fundi aliyelifungua kwa nyundo alilifunga kwa misumari. Makabati kama hayo hurithiwa na wapangaji wanaofuata, na mwenye nyumba huyataja kwa fahari kama samani za kale.

Saa mbaya ya Uhindini ni jioni, simu inapoita. Ukuta uzuiao joto huzuia pia mtandao, hivyo mpangaji hutoka kuongea barazani. Barazani wapo wazee wa kahawa na bao. Hawasikilizi, wamekaa tu. Lakini mwenye simu akitaja kwamba mshahara umechelewa, kesho yake muuza vitumbua humwambia, "Chukua tu, mwanangu, utalipa mwisho wa mwezi."

Upande wa ufukweni hupendwa na waliokulia bara. Huko dalali hanyoshi maneno. Hunyosha mkono kuelekea baharini na kunyamaza. Asichokisema kimesemwa tayari na kisiwa cha Maziwe, kilichoko kusini-mashariki mwa mdomo wa mto. Maziwe ilikuwa na mivinje iliyosimama hadi miaka ya 1970. Leo ni fungu la mchanga ambalo hufunikwa bahari ikijaa sana. Kasa bado hupanda kutaga hapo, na wahifadhi huyachukua mayai na kuyahamishia Ushongo kabla maji hayajayafikia. Wapangaji wa ufukweni hawajawekewa mpango kama huo.

Mpaka bahari ifike, chumvi hutangulia. Bati hutoboka, bawaba hulia, jiko la gesi huota kutu kwa kuanzia na kitufe kinachotumika zaidi. Kufuli ndilo huleta kisa. Mpangaji hulifunga asubuhi likiwa zima. Jioni ufunguo huingia, huzunguka nusu, na kubaki humo. Hushauriwa mafuta ya taa, kisha mafuta ya nazi, kisha subira. Mwishowe jirani huja na jiwe, na usiku huo mlango hufungwa kwa kuegemezwa kreti la soda.

Nyuma ya mji, kuelekea barabara ya Tanga, ni minazini. Eneo hili halina bamvu wala nakshi, kodi yake ni nafuu, na kivuli kipo. Mnazi mmoja umeinamia paa, na dalali huusifu kwa kuleta upepo. Saa mbaya hufika usiku, kusi linapovuma, nazi inapoachia. Nazi kavu ikianguka kutoka juu kabisa kwenye bati humwamsha mpangaji, mtoto wake, kuku, na mbwa wa mtaa wa pili. Asubuhi hukutwa tundu kwenye bati na nazi yenyewe uani, nzima, bila dalili ya majuto.

Hapo huanza sheria ya pwani, ambamo mnazi huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Nyumba ni ya mzee aliyepokea kodi, kiwanja ni cha mjomba wake, na mnazi ni wa shangazi anayeishi Tanga. Mpangaji akiuliza nani atalipia bati, mzee humwelekeza kwa mjomba, mjomba kwa shangazi, na shangazi hushangaa mnazi wake unawezaje kushitakiwa na mtu ambaye hakuupanda. Lakini mpangaji akiikuna nazi ile kwa ajili ya wali, kabla tui halijachujwa, hodi hupigwa na kijana aliyetumwa na shangazi, akiuliza iko wapi.

Waliochoka na yote hayo hutazama ng'ambo na kuiona Bweni, imekaa mahali pa juu, ina hewa, na ina nafasi ya kufuga. Bweni ndiko mahali pazuri zaidi pa kuutazamia mji wa Pangani, na mkazi wake hupata muda mwingi wa kuutazama, kwa sababu kivuko mara zote kiko upande mwingine. Mkazi akifika ukingoni, ndiyo kwanza kimeng'oa nanga. Humo hupanda magari, bodaboda, magunia ya mkaa, mbuzi, wanafunzi, na mtu mmoja mwenye kioo kikubwa cha kabati anayeomba kila mmoja asogee. Siku ya kuhamia, godoro huvuka na kivuko cha kwanza, meza na cha pili, na mwenyewe na cha tatu, huku simu ikimwarifu kwamba mvua imeanza kunyesha ng'ambo.

Saa mbaya ya Bweni ni usiku, kivuko kikishalala. Hospitali ya wilaya iko mjini, duka la dawa liko mjini, na shughuli ya harusi aliyoalikwa mpangaji iko mjini pia na haijafika hata kwenye chakula. Hubaki mtumbwi, na mwenye mtumbwi hupanga bei kwa kumtazama mteja viatu. Dalali hujibu yote hayo kwa neno daraja. Katika barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo ulianza ujenzi wa daraja la mita 525 kuvuka mto huu, nalo lilianza kuhesabiwa ndani ya kodi za nyumba za Bweni kabla gari halijapita juu yake.

Mitaa yote hushiriki jambo moja, nalo ni mita moja ya umeme kwa wapangaji wanne. Luku ikiisha, kila mmoja hukumbuka kwamba yeye ana taa moja tu. Mwenye friji husema haijagandisha tangu Ramadhani, mwenye pasi husema nguo zake hazijikunji, na umeme hukaa umekatika mpaka mwenye simu isiyo na chaji anyooshe mikono.

Mwisho ni majirani, ambao dalali hawaonyeshi kwa saa yoyote. Pangani una historia ya kuwapima wageni. Agosti 1888 Emil von Zelewski wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki alihamia mjini, akatweka bendera ya kampuni na kumwamrisha liwali wa Sultani. Wiki chache baadaye wenyeji walikuwa wamemzuia yeye na wenzake ndani ya nyumba waliyokaa. Upinzani ulienea pwani, na kiongozi wake mashuhuri, Abushiri bin Salim, alinyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi watu wa Pangani wa enzi hizo walivyogombea heshima kwa karamu na ngoma. Ushindani wa karamu haujaisha. Mpangaji hajamaliza kufungua mizigo kabla ya kadi ya mchango kumfikia, ya harusi ya mtu asiyemjua, na jina lake limeshaandikwa: "Mwalimu Mgeni na familia." Kadi hiyo hailipwi kwa visingizio. Asiyechanga hatafukuzwa, ila siku ya bamvu hakuna atakayemgongea dirisha kumwambia maji yanakuja.

Kwa mtumishi anayefanya kazi mjini, mtaa wenye hasara ndogo ni minazini, ilimradi kitanda kisikae chini ya mnazi na shangazi wa Tanga awe ameshaamkiwa. Mwenye familia na mifugo aende Bweni, akijua ratiba ya kivuko kuliko anavyojua ya basi. Uhindini ni kwa asiye na kabati wala siri. Vyovyote iwavyo, nyumba isilipiwe kabla haijaonwa usiku wa bamvu, mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha. Ikikalika saa hiyo, itakalika mwaka mzima. Na dalali akisema usiku huo ana udhuru, kodi ibaki mfukoni.