Nahodha wa Bombambili

Songea hatuna bahari, ila mabaharia tunao. Mtu akivuka mara moja tu kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kwa zile boti za kasi zenye matumbo mawili, akirudi Bombambili hakai tena kijiweni mpaka ayumbe kidogo kwanza. Kisha anatusimulia maisha ya baharini.

Maisha gani, kaka? Safari yenyewe ni ya kama saa mbili. Ulikaa kitini, kiyoyozi kikakupuliza, televisheni ikaonyesha filamu ambayo hukuiona kwa kuwa uso ulikuwa ndani ya mfuko wa kutapikia. Wahudumu wakapita kugawa mingine. Basi la kurudi nyumbani lilikula siku nzima, lakini hilo halisimuliwi. Makambako hakuna nyangumi.

Huku kwetu, wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli huingia Ziwa Nyasa usiku kwa mitumbwi, wakavua usipa kwa taa, asubuhi wakauza, wakalala. Hatujasikia wakiitana makapteni. Hata Mto Ruvuma, unaozaliwa hapa hapa milima ya Matogoro, unafika Bahari ya Hindi kila siku, na haujawahi kurudi kututambia.

Basi nahodha wetu, kahawa tutakulipia, hadithi tutaisikiliza tena kuanzia bandarini. Ila huo mwendo wa kupepesuka uache, wenzako wanadhani umetokea kilabuni.